Puto Lililoning'inia Chumba cha Chini

Decorah, 9 Januari

Binti yangu Marit,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanisumbua kwa baridi hii. Mumeo hajambo?

Umeniandikia tena kuhusu ile gesi ya radoni inayotoka ardhini na kuharibu mapafu. Mwanangu, nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Chumba cha chini kina joto, ndiyo maana nalala huko, na siiti watu watoboe sakafu yangu kwa ajili ya kitu kisichoonekana. Nionyeshe kwanza.

Baba yako, Orrin

Minneapolis, 14 Januari

Baba,

Shikamoo. Tuko wazima.

Haya, utaonyeshwa. Chukua tangi la kioo la samaki, gundisha kitambaa kinene chini kwa ndani, ukilowanishe spiriti. Funika mdomo kwa sinia jeusi, kisha pindua lote juu ya barafu kavu, ile ya gesi iliyogandishwa. Mulika tochi ubavuni. Sugua puto kwa soksi ya sufu, lining'inize chumbani mwako saa nzima, litoe upepo, uliweke ndani ya tangi. Kama limenasa mabaki ya radoni, utaona michirizi kama ya moshi ikitoka kwake. Spiriti iwe kali kabisa, si ile ya kuchulia goti.

Mwanao, Marit

Decorah, 23 Januari

Marit,

Hujambo? Goti afadhali.

Sijaona kitu. Nilitumia spiriti ya goti, kwani ilikuwepo. Barafu iliyobaki niliiweka kwenye friza pamoja na nyama ya kulungu, asubuhi haipo. Jirani yangu Gladys anaapa hakuichukua.

Baba

Minneapolis, 27 Januari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila umenichosha.

Barafu kavu hugeuka hewa yenyewe, hata ndani ya friza. Muombe Gladys radhi. Nunua nyingine, itumie siku hiyo hiyo, madirisha wazi. Mama hakuwahi kuvuta sigara, na mapafu ndiyo yaliyomuua. Sitaki kukuzika na wewe kwa ubishi.

Marit

Decorah, 2 Machi

Mwanangu,

Natumaini mko salama. Nimechelewa kuandika, mkono ulikuwa mzito.

Nilirudia kwa spiriti kali na barafu mpya, nikakaribia kuzima tochi. Mara michirizi ikaanza kuchomoka kwenye puto, mifupi, minene, myeupe, haikomi. Nikajaribu puto lililokaa nje barazani, ikaonekana michache tu.

Bomba la kutolea gesi limeshawekwa. Nalala juu. Lakini usinipongeze, maana nina hasira na wewe. Chumba kile cha chini nilimjengea mama yako, aweke cherehani yake, na alishinda humo miaka yote. Nilikuwa nabisha ili nisije nikajua kilichomuua.

Njoo, Marit. Nyumba sasa ni salama, na siwezi kukaa humu peke yangu.

Baba yako