Mama Mafuru, Niko Nje ya Jiko

Mama Mafuru, mke wangu,

Ni mimi mumeo ninaandika, kwa mkono wangu, sijamtuma mtu. Uliniacha natia dole gumba kwenye kila karatasi. Sasa herufi zote nazijua. Hapa kijijini tunasoma kisomo cha watu wazima kwenye ghala la pamba, na mwalimu ametuambia kila mtu aandike barua kwa mtu anayemkumbuka. Wenzangu wamewaandikia watoto wao walioko Musoma mjini, wanaomba sabuni. Mimi nikasema namwandikia mke wangu. Mwalimu akaniuliza, "Mzee, huyo si marehemu?" Nikamwambia, "Wewe ulisema anayekumbukwa, hukusema anayejibu." Darasa lote likacheka. Unanijua, kwa maneno sishindwagi.

Nataka nikueleze habari ya chakula. Habari nyingine utazikisia mwenyewe.

Tulihamishwa. Wewe umebaki kule Kiriba karibu na maji, na nyumba yetu imebaki na wewe, haina paa. Sisi tuko huku juu, kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja. Ziwa tunaliona linang'aa kwa mbali, lakini harufu yake haifiki. Kiwanja kimoja, nyumba moja, jiko moja. Na hilo jiko moja ni la mke wa Mafuru.

Huyo hukumkuta. Mwanao alioa wewe ukiwa umeshatutoka. Akaleta binti wa upande wa Bunda, watu wa pamba na ng'ombe. Jina lake silitaji, hata kwenye karatasi silitaji, desturi yetu unaijua: mimi na mkamwana hatuitani majina, hatushikani mikono, hatuli pamoja, na jikoni kwake mguu wangu hauingii mpaka nizikwe. Sina neno na hiyo desturi. Baba yangu aliishika, mimi naishika. Lakini anayemfundisha mkamwana mapishi ya nyumba ni mama mkwe. Ungekaa naye msimu mmoja tu, ungemwonyesha. Hukukaa. Basi mtoto wa watu anapika samaki kama alivyosikia kwa mbali kwamba kuna kitu kinaitwa samaki.

Anamkaanga. Kila samaki anamkaanga kwa mafuta ya pamba, mpaka anakuwa mgumu kama katambuga ya tairi. Sato anamkaanga. Ningu anamkaanga. Furu wadogo wale, ambao kosa lao ni kuzaliwa tu, nao anawakaanga. Ugali ni wa unga wa njano wa duka la kijiji, hilo simlaumu, ndio uliopo. Mgagani wake wa maziwa siusemi vibaya, hata wewe ungeongeza. Lakini samaki, Mama Mafuru, samaki anaonewa humu ndani.

Wewe peke yako ndiye uliyejua mkono wangu. Nilijifunza visiwani, kwenye kambi za uvuvi, ambako mwanamke hakuna na asiyejua kupika anapikiwa huku anatukanwa. Mimi hakuna aliyewahi kunitukana. Wavuvi walikuwaga wanavuka kutoka kambi nyingine kuja kula kwenye chungu changu, wakijifanya wamekuja kuazima ndoano. Nyumbani ndiko ilikokuwa vigumu, maana mwanamume wa kwetu haonekani na mwiko. Lakini ulipojifungua Mafuru ukaumwa, nikapika. Ulipopona ukasema, "Endelea tu, mimi nakaa mlangoni."

Ukakaa mlangoni miaka yote ile. Ulikuwaga unachambua maharage, ukiona mtu anapanda njia, unakohoa. Mimi natoka kwa nyuma, nakaa kwenye nyavu, nashona tundu ambalo halipo. Siku aliyokuja kaka yako nilitoka mbio na mwiko mkononi bila kujua. Akasimama akanitazama. "Shemeji, siku hizi nyavu mnashona kwa mwiko?" Wewe hukungoja hata nimeze mate: "Anapimia matundu." Kaka yako akakaa, akala sato wangu, akakusifia wewe mpaka jasho likamtoka. Ulinitazama juu ya kichwa chake. Mimi sifa nazipenda, sifichi, lakini zile nilikuachia na sikuumia.

Sasa nakwambia ninachoamini, na kwa hili sirudi nyuma. Sato anataka chungu, sufuria si yake. Maji yasimfunike. Nyanya, ndimu kama ipo, chumvi mwishoni. Na hakorogwi. Unashika mdomo wa chungu kwa majani ya mgomba, unakitikisa, unakiacha, unakitikisa tena. Anayemkoroga samaki anapika uji wa miiba.

Hotelini hawajui hilo. Unakumbuka hoteli ile ya Bunda, tulipopeleka pamba, Uhuru bado mbichi? Wewe na kitenge kipya, mimi na kofia. Meza ina kitambaa cha plastiki chenye maua. Wakatuletea wali na samaki. Ukamgeuza kwa kidole, ukamnusa, ukasema polepole, "Huyu amekufa mara mbili." Nikamwita kijana wa pale nikamwambia samaki amekaangwa jana na leo amekaangwa tena. Akanijibu, "Mzee, hapa ni hotelini, si kwenu." Nikamwambia, "Ndiyo maana. Kwetu wageni tunawapenda." Ulicheka mpaka ukashika meza.

Tangu siku hiyo nimekula Musoma karibu na soko, nimekula Butiama kwenye harusi ya mpwa wako, kote nimekula. Nyama ya mnadani Bunda naikubali, maana mbuzi unamwona kabla na moto unauona. Chai ya hoteli naikubali, tena na maandazi. Wali wa harusi hapana. Ule unapikwa na watu wanaogombana.

Haya. Baada ya mavuno nikashindwa kuvumilia. Nikaokota mawe matatu, nikayapanga nyuma ya nyumba, nikawasha moto. Furu tu, wa kujaa kiganja. Moshi ukanisema. Mama wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ua.

"Baba, mkamwana anaumwa?"

"Haumwi."

"Kasafiri?"

"Hajasafiri."

Akasema "Haa," akaondoka. Nyumba zikiwa mstari mmoja, neno likiingia upande huu linatokea ule kabla hujamaliza kula. Jua halijashuka, kijiji kizima kinajua mkamwana wa mzee amemnyima mzee chakula.

Mafuru akarudi kutoka shamba la kijiji, jembe begani, hata hakuliweka chini.

"Baba, haya nini?"

"Mawe."

"Mawe ya nini?"

"Wewe hujawahi kuona mafiga?"

"Unanyimwa chakula?"

"Napewa, katambuga. Wanaonyimwa ni meno."

"Baba, kwao wakisikia unajipikia wanakuja kumchukua binti yao. Watauliza amekutukana nini. Tutawajibu nini? Kwamba samaki alikaangwa sana?"

"Kwani si alikaangwa sana?"

Hakucheka. Mwanao anafanana na wewe kwa mambo mengi, lakini kucheka hakuchukua. Akasema, "Chagua. Moto wako au mke wangu."

Jikoni mkamwana alikuwa anachekecha unga. Nikasikia chekeche limesimama. Kesho yake asubuhi nikakuta sanduku lake la bati liko nje, limeegemezwa ukutani, na kanga juu yake zimekunjwa. Yeye mwenyewe anafagia uwanja, anafagia mahali pamoja tu. Hakulia. Ningeona analia ningekasirika, ningejua la kufanya.

Nikainuka nikayabeba yale mawe, moja moja, mpaka kwenye shimo la takataka, mchana kweupe, watu wanaona. Mimi nikishindwa nashindwa hadharani, sivizii. Jioni sanduku likarudi ndani.

Ndivyo nilivyokaa tangu hapo. Kupika siwezi, nitamvunjia mtoto wangu nyumba. Kusema siwezi, haifai. Kurudi kule chini siwezi, wanaorudi mgambo wanawafuata na kuwapandisha tena na vyungu vyao vichwani. Naletewa sahani, nasema asante kwa hewa, natafuna. Mikono yangu hii, ambayo watu walivuka maji kwa ajili yake, inakaa magotini kama mikono ya mgeni.

Kisha Masatu, yule mvuvi mwenzangu wa Kiriba, akaja na sato mkubwa amefungwa kwenye majani, bado ana maji. Akampa mkamwana, kama inavyotakiwa. Mimi nikachukua kigoda nikakaa nje, kwenye ukuta wa jiko. Mbuzi wetu alikuwa amefungwa hapo hapo. Nikasikia sauti kutoka ndani, haikusemwa kwangu.

"Wewe mbuzi, nasikia wenye ziwa wanasema samaki wangu ni katambuga. Basi waseme wao anapikwaje, maana mimi nimekulia kwenye ng'ombe."

Mama Mafuru, nilikaa nimekodoa macho. Nikamtazama mbuzi. Mbuzi anatafuna.

Nikasema, "Mbuzi, mwambie anayekuuliza aweke sufuria pembeni, atafute chungu."

Chungu kikasogezwa.

"Mbuzi, maji kiasi gani?"

"Mgongo ubaki nje. Anaoga, hazami."

Akacheka kidogo, akajizuia. Tukaenda hivyo hivyo, nyanya, ndimu, moto usiwe mkali. Nikasikia mwiko umegusa chungu. "Mbuzi, huo mwiko unatafuta nini humo?" Mwiko ukatoka. Nikamweleza kutikisa. Nikasikia anatikisa, mara ya kwanza kwa woga, ya pili vizuri. Sijazungumza na mtu namna ile tangu ulipoondoka, na aliyekuwa ananiangalia ni mbuzi.

Halafu nikasikia harufu. Samli. Ametia samli ya ng'ombe kwenye sato wangu.

Nilisimama sijajijua. Nikafika mlangoni, mguu umeshanyanyuka. Nikauona mgongo wake, naye akasikia, akavuta kanga akafunika uso, akaganda pale na upawa mkononi. Nikaurudisha mguu. Sikuwahi kuona mlango mwembamba namna ile, na hauna hata ubao.

Nikarudi kwenye kigoda nikasema kwa ukali, "Mbuzi, mwambie samaki si mboga ya wafugaji. Samli inamwua."

Nikasikia upawa unawekwa chini. Kisha: "Mbuzi, mwambie anayelalamika, huyu alishakufa."

Akaleta sahani, akaiweka juu ya kigogo, akaondoka uso pembeni. Nikaonja ili nipate cha kusema. Nyama inaachia mwiba yenyewe. Mchuzi ni wetu, ule ule, halafu nyuma yake kinakuja kitu kingine, kizito, kitulivu, ambacho mimi katika maisha yangu yote sikukifikiria. Kilikuwa kitamu kuliko changu. Nimeandika mara moja, sirudii, na mwalimu nitamwambia mstari huo asiusome kwa sauti. Nikala kichwa, nikanyonya na macho. Sahani nikairudisha tupu. Huko kwao na kwetu pia, hayo ni maneno.

Nikalala nimefurahi kama kijana. Nikasema moyoni, sasa nimepata njia, nitapika kwa mdomo. Nikapanga hata la ningu nitalianzaje, na kamongo, na dagaa wa kukausha. Mambo ya miaka mingi nikayapanga foleni.

Leo Masatu ameleta tena. Nimebeba kigoda mapema, nimekaa, nimesafisha koo. Nikasikia chungu kinawekwa. Nikasikia nyanya zinakatwa. Nikasikia maji yanamiminwa, na yakakomea pale pale panapotakiwa. Nikangoja. Kikatikiswa, kikaachwa, kikatikiswa tena, kama ninavyotikisaga mimi, hakuna tofauti, ungefumba macho ungesema ni mimi nipo mle ndani. Mbuzi hakuulizwa kitu. Mwisho nikasema mwenyewe, "Mbuzi, chumvi isisahauliwe."

Sauti ikatoka ndani, ya chini, ya heshima kabisa.

"Imeshawekwa, baba."

Basi niko hapa, Nyangeta mke wangu, kalamu juu ya goti. Ndani siingii na nje siitwi. Wewe ulijuaga kunitafutia mahali pa kukaa, mimi mwenyewe sijawahi kujua. Sahani yangu inakuja, naisikia inafunikwa. Nitaila yote.

Pumzika huko karibu na maji.

Mimi mumeo,
Baba Mafuru