Tairi Iliyozeeka Dirishani

Ruiru, Jumanne jioni

Bado najiuliza tairi inazeekaje kabla ya kutembea.

Leo nilienda Thika na mwanangu Njoroge kununua tairi mbili za tela yake. Kesho inapeleka kabichi sokoni, na eti mkewe akae juu ya mzigo na mtoto mgongoni.

Njoroge akapenda zile za dirishani, mpya, zenye meno marefu. Mimi nikazibonyeza ubavuni. Nikaona nyufa ndogo ndogo, kama visigino vyangu wakati wa kiangazi.

"Mama, hizo hazijawahi kufika barabarani."

"Na mimi sijawahi kufika Mombasa, lakini nimezeeka."

Kalasinga mwenye duka akacheka, akakubali kwamba jua limezikausha. Akatoa nyingine stoo, za meno mafupi lakini ubavu mgumu. Alisema tela huyumba kwenye kona, na ubavu ndio huishika. Sikujua hilo. Nilimuuliza mpaka akachoka.

Njoroge amenuna tangu tutoke huko. Anune. Nimemwambia mkewe atabaki nyumbani na mtoto. Tairi nimechagua mimi, kwa hivyo juu ya kabichi nitakaa mimi, niuone huo ubavu ukipita kona ya daraja.