Nani Atafunga Lango

Jumanne

Niko na miaka sabini na nane. Nimezika ndugu zangu wote, na daktari aliyesema sitamaliza mwaka.

Leo ngumbaru, darasa yetu ya watu wazima hapa Skuta, Mwalimu Akinyi alisoma soneti, shairi fupi ya mzee anayeaga shamba yake. Akauliza mzee anahisi nini. Nikajibu wa kwanza, kama kawaida: "Haogopi kitu!"

"Nionyeshe mstari unaosema hivyo, mzee."

Nikatafuta. Hakuna. Anauliza tu nani atafunga lango akienda. Hata mimi huuliza hivyo kila jioni.

"Guka, leo umeshikwa!" Wambui muuza mboga, anayeniita babu hivyo, akacheka.

Kesho nasoma insha yangu juu ya huyo mzee mbele ya wote. Nimeandika anaogopa, na mstari nimeonyesha. Sauti ikikatika, watajua anayeogopa ni mimi. Wambui, jirani yangu wa dawati, aliniona nikifuta "haogopi". Huyo ndiye shahidi.