Jiwe Lenye Giza Katikati

Nyamache, Kisii
17 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Bitutu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu milimani, kwenye baridi ya Agosti. Hujambo? Mgongo uliokusumbua Krismasi umepoa, au bado unakuuma ukisimama dukani kutwa nzima? Nasikia joto la Dubai halina huruma. Sisi tu wazima. Mama amepona kifua, Baba yuko shambani kama kawaida, na majani chai yanachipuka vizuri tangu mvua irudi. Nami nimefunga shule, na nilifanya vyema katika Fizikia.

Lakini nakuandikia nikiwa na kinyaa, Shangazi, na sina mwingine wa kumweleza anayejua mambo ya vito.

Unamkumbuka Angwenyi, karani wa kituo cha kununulia majani chai, anayetaka kumwoa Dada Bonareri. Jumapili alikuja na pete ya almasi aliyoinunua mjini Kisii. Huku hatujazoea almasi, tumezoea ng'ombe. Alisema tu kwamba alitaka Bonareri awe na kitu chake mwenyewe, kisichohitaji kuchungwa.

Tulikuwa tumekula kuku. Baba Mdogo Mokua aliinyakua pete kabla hajanawa, akaimulika kwa tochi ya simu. Jiwe likatoa cheche, na watu wakapiga vigelegele. Likapita mkono kwa mkono kama mfupa wa supu, kila mtu akiliachia mafuta yake. Nilitamani kutoka nje.

Asubuhi Bonareri aliitazama pete mlangoni. Katikati ya jiwe palikuwa peusi. Kabla ya saa sita Baba Mdogo alikuwa ameshatangaza sokoni kwamba kijana ametuletea kipande cha chupa. Akadai ng'ombe mmoja zaidi wa kufuta aibu, la sivyo hakuna arusi. Ni yeye yule aliyeisifu kuliko wote siku iliyotangulia. Nisamehe kumsema ndugu yako, lakini nyongo ilinipanda. Bonareri hakula siku hiyo. Jiwe halikumsumbua sana. Aliogopa kwamba Angwenyi amemdanganya.

Nikakumbuka ulivyonifundisha kwa herini zako. Nililipulizia pumzi jiwe, na ukungu ukatoweka papo hapo, jambo ambalo chupa haifanyi. Nikaiosha pete kwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu. Iling'aa zaidi, lakini si pote. Niliitazama dirishani, kisha kivulini chini ya migomba, halafu jikoni penye balbu moja. Kila mahali ukingo uliwaka na katikati pakabaki kama shimo. Nilipoigeuza ubavu niliona tumbo la jiwe, ile sehemu yake ya chini, ni refu kupita kiasi. Mwanga unaingia kwa juu, lakini badala ya kurudi machoni unavujia chini. Si chupa, Shangazi. Ni almasi iliyokatwa vibaya, nami nadhani aliyeikata alijua anachofanya. Hakutaka kupoteza uzito, maana almasi huuzwa kwa uzito. Hilo nalo likanichefua.

Angwenyi alipokuja jioni, nilimuuliza alilichaguaje. Alijibu bila kuficha kwamba alichukua lililokuwa zito kuliko yote. Kazini kwake mizani ndiyo yenye neno la mwisho, naye akadhani almasi nayo ni hivyo.

Bonareri akamgeukia. "Ungenipeleka tuchague pamoja."

"Nilitaka kukushangaza."

"Basi umenishangaza."

Kisha akacheka, nami nikapata kupumua.

Alhamisi tulikwenda mjini sote watatu. Laiti ungeliona duka lile. Juu ya kabati la kioo wamepanga taa ndogo kali, nyingi kama nzi, na chini yake kila kitu kinametameta, hata mkanda wa saa ya mwenye duka. Alikubali kutubadilishia. Akaleta trei ya pete na kuisifu kila moja kwa tabasamu ambalo sikulipenda hata kidogo. Bonareri aliomba kuzitazama mlangoni. Mwenye duka alisema sheria ya duka hairuhusu. Akaomba tena kwa adabu, naye akasema wasichana wa siku hizi wana maneno mengi.

Angwenyi, ambaye hajawahi kumpazia mtu sauti, alinyoosha mkono ukutani akazima taa zote.

Trei nzima ikanyamaza. Mawe yaliyokuwa yakiwaka yakawa kama punje za chumvi ya mawe. Ila moja, dogo, pembeni kabisa, liliendelea kung'aa kwa mwanga wa mlangoni, katikati na ukingoni sawasawa.

"Hili," Bonareri akasema.

"Hilo ni dogo, dada. Uzito wake haufikii hata nusu ya lile."

"Leo hatupimi majani," Angwenyi akamjibu.

Tuliporudi, Baba Mdogo alikuwa sebuleni akimngoja ng'ombe wake. Akatoa simu awashe tochi. Bonareri aliufunika mkono wake, akamwambia kwa heshima kwamba akitaka kuliona jiwe, wafuatane hadi uani. Alikataa. Alisema dogo au kubwa, aibu ya sokoni bado haijalipwa.

Baba alikuwa kimya tangu Jumapili, hata nilianza kumchukia kwa kimya chake. Aliweka kikombe chini.

"Mokua, aibu hiyo uliipeleka sokoni mwenyewe. Nenda ukairudishe."

Baba Mdogo aliondoka bila kunywa chai. Mpaka leo hajamwomba Angwenyi msamaha. Namwamkia kwa sababu nimelelewa, lakini nikimwona namwona na kidole chake chenye mafuta ya kuku. Arusi ni Desemba. Bonareri anakuomba uje, nami nakuomba zaidi.

Mama na Baba wanakusalimu. Bonareri anakusalimu kwa mkono wa kushoto, ule wenye pete, ndivyo alivyoniambia niandike. Msalimie mumeo Machogu na mtoto Haron. Mungu akulinde kazini, akunyooshe mgongo, na akufikishe nyumbani salama.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye daima,
Beverlyne Nyanchama