Bibi Haendi Ulaya

Dada Zena, shikamoo. Huku Bigwa mvua ya mlimani haikomi, nami kwa mvi hizi nimekuwa mwanafunzi wa Mdachi. Anatufundisha kufukua makaburi kwa brashi, kuosha mifupa na kuipanga sandukuni iende Ulaya. Elimu ya fisi mwenye mswaki! Jana tulimfukua bibi wa ukoo mmoja wa Waluguru, wajukuu wanalia. Mimi mtani wao, na mzaha wa msibani ni haki yangu, nikajilaza sandukuni.

“Toka, mzee!”

“Bwana, kikongwe huyu hasafiri bila mtani wa kumtukana.”

Akanichapa viboko. Watu walipokuwa wakitazama matako yangu, wajukuu wakambeba bibi yao wakapotelea mlimani. Shule nimefukuzwa. Mungu akuweke, dada. Nakuja nyumbani, ila kukaa kitako bado siwezi.

Nduguyo, Mfaume