Kofia Iliyobaki Kichwani

Nyumba Na. 418,
Barabara ya Kinu cha Zamani,
Alder Creek, Wisconsin.

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Verna,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Fairbanks, na kwamba nyonga yako mpya inakubeba bila manung'uniko. Mama ameniambia sasa unapanda ngazi peke yako bila kushika ukuta. Je, mbwa wako bado anajificha chini ya meza theluji ikidondoka kutoka paani?

Sisi hatujambo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza, na kwa kiasi fulani ni kweli. Tunakula na tunalala. Mama amerudi kliniki ya meno siku zote tano za wiki. Mimi nimeingia darasa la kumi na moja na nimepewa kabati lililo karibu kabisa na mlango wa maktaba, jambo ambalo zamani lingenifurahisha.

Nyanya za Baba zimejiotea zenyewe kando ya gereji. Hakuna aliyezipanda wala kuzimwagilia. Zimezaa sana. Tunazila.

Unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kadi yako ya Krismasi imekaa ndani ya kamusi yangu tangu Januari. Uliniuliza swali moja tu, na uliniuliza mimi, hukumwuliza Mama: Baba, kaka yako, alilala pale chini muda gani kabla ya mtu kumfikia? Mama alikuwa amekuambia kwenye simu kwamba yalikuwa mambo ya papo hapo. Hayakuwa ya papo hapo, Shangazi. Zilipita kama dakika nne, na sababu ya dakika hizo ni mimi. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo mara nyingi. Sasa nimeiandika.

Mara ya mwisho ulipokuja kumtazama Baba akicheza nilikuwa na miaka saba, kwa hiyo nikukumbushe. Pale kwenye tamasha la mambo ya kale, kikosi chetu huigiza vita mbele ya watazamaji mara mbili kwa siku, saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Wenye mikuki mirefu wanakaa upande mmoja, wenye bunduki za baruti upande wa pili, na mimi na ngoma yangu pembeni mwa uwanja, karibu na marobota ya nyasi wanayokalia watu. Moshi ukishatanda, walioambiwa wafe wanakufa. Kisha Kapteni Dell Hruska anapaza sauti, "Wafu, amkeni!" Napiga ngoma ya kuamsha, wanainuka, wanainama kwa watazamaji, basi.

Baba alikuwa hodari wa kufa. Babu Gordy Pruitt, yule mzee mpiga mzinga mwenye ndevu za manjano, alizoea kusema kwamba Russ Kubiak anakufa vizuri kuliko wengi wetu tunavyoishi. Akipigwa risasi, Baba alipepesuka hatua tatu kuelekea kwenye marobota, akavua kofia yake yenye unyoya, akamkabidhi bibi mmoja wa mstari wa mbele kama anayemwachia urithi, ndipo akaanguka. Tena hakuinuka na wenzake. Alibaki amelala hata baada ya ngoma. Watoto waliokwishamzoea walihesabu kwa sauti mpaka kumi, na walipofika kumi mguu mmoja ulinyanyuka, ule wenye soksi ya njano, peke yake, kama bendera. Uwanja mzima ulicheka. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minne na hawakuchoka kucheka.

Mwaka jana, Jumamosi ya pili ya Septemba, kwenye onyesho la saa tisa, alianguka na kofia yake kichwani.

Niliiona, Shangazi. Nilikuwa mbali naye kama urefu wa sebule yenu. Niliona hakupepesuka, na niliona hakumpa mtu kofia. Nikafikiri amesahau. Nilifikiri hata nitamtania garini, kwamba uzee umeanza.

Watoto wakahesabu mpaka kumi. Mguu haukunyanyuka. Watu wakacheka zaidi. Wakahesabu tena. Kapteni aliacha mstari wake akaanza kutembea kumwendea, nikamwambia kwa sauti ya chini alipopita mbele yangu, "Mwache, Kapteni. Ndivyo anavyofanya. Anawavuta wale watoto." Akanitazama. Mimi ndiye mwanawe, ningekosaje kumjua? Akasimama. Nami, ili ukimya usiharibu mchezo, nikapiga ngoma ya mfululizo, ile ya kuwaweka watu roho juu. Niliipiga vizuri. Nadhani sijawahi kuipiga vizuri vile.

Aliyejua alikuwa mtoto wa kike mwenye mabawa ya karatasi mgongoni. Alishuka kutoka kwenye robota, akamsogelea, akainama, kisha akamgeukia mama yake akasema, "Huyu hapumui." Hapo ndipo nilipoacha kupiga.

Mengine unayajua. Watu wa huduma ya kwanza walikuja mbio, ambulensi ikapita katikati ya vibanda. Daktari alimwambia Mama kwamba hata angefikiwa mara moja, huenda isingesaidia. Nimelisoma neno hilo "huenda" katika kila kitabu cha moyo kilichopo maktaba ya mji. Halina maana yoyote zaidi ya ile ninayoijua.

Lakini kuna jambo ambalo hata Mama hakulijua mpaka juzi. Pale hospitalini Kapteni alimwambia Mama kwamba alimwona Russ hainuki, akadhani anatania, akamwacha. Alisema ni yeye aliyemwacha. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na vijiti vya ngoma bado mkononi. Hakunitaja, nami sikujitaja. Aliyasema maneno yale yale kwenye mazishi, na tena kwenye mkutano wa kikosi mwezi wa Aprili, na kila mara watu walimshika bega, nami nilikuwa nikiangalia viatu vyangu.

Usidhani nilikuwa nalia usiku. Sikulia. Hilo ndilo linaloniogopesha kidogo, ninapoweza kuogopa. Umewahi kulalia mkono mpaka ukafa ganzi, ukauinua kwa mkono wa pili kama kitu cha mtu mwingine? Ndivyo nilivyoubeba mwaka huu. Nilipata alama nzuri. Mwalimu wa historia aliniandikia kwamba nimekomaa.

Sasa nikuambie ya juzi Jumamosi.

Asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, Kapteni hutuita majina tukiwa mstarini, kama makapteni wa zamani walivyofanya. Mama alikuwepo, amevaa gauni lake la sufu. Hakuwa amerudi uwanjani tangu siku ile. Kapteni akaita mpaka akafika kwa Babu Gordy.

"Nipo kwa mwili," Babu Gordy akajibu. "Roho imetangulia kwenye foleni ya mapaja ya bata mzinga."

"Basi mwili ufunge vifungo, babu. Tumbo linatangulia kuliko roho."

Watu wakacheka kidogo. Jina la Baba lilirukwa. Kwenye daftari liko baada ya langu, na nilisikia jinsi alivyovuta pumzi pale lilipotakiwa kuwa. Alipomaliza, akafungua ule mshipi mwekundu wa hariri wa ukapteni, akaukunja mara nne. Akasema huu ni msimu wake wa mwisho, na baada ya Septemba tuchague mwingine, kwa sababu kapteni asiyeweza kumtofautisha aliyelala na aliyekufa hafai kuvaa kitu kile. Alisema hivyo bila uchungu, kama anayesoma ratiba ya basi. Nikaijua ile sauti. Ilikuwa kama yangu.

Mimi sisemi mbele za watu, unajua. Hata darasani huandika jibu kwenye karatasi nikampa jirani yangu alisome. Lakini nilisikia mtu anasema, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Kapteni alikuwa anaenda. Mimi ndiye niliyemwambia amwache."

Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kuona dunia itafanya nini nikisema hivyo. Haikufanya kitu. Kwenye jukwaa la jirani mtu alikuwa anajaribu filimbi, akirudia kipande kile kile na kukosea pale pale. Mama alishika kamba za mkono wa gauni lake, zilizokuwa zimefungwa tayari, akazifungua, akaanza kuzifunga upya.

Kapteni ndiye aliyesema wa kwanza. "Hattie, wewe ulisema. Miguu iliyosimama ilikuwa yangu."

"Lakini ulinisikiliza kwa sababu mimi ni mwanawe."

"Ndiyo," akasema. "Na ningekusikiliza tena."

Kisha Babu Gordy, ambaye sijawahi kumsikia akisema jambo lisilo mzaha, akavua kofia yake. Akasema siku ile yeye naye alikuwa miongoni mwa wafu, amelala hatua mbili tu kutoka kwa Russ, uso chini, na alikuwa anacheka. Alikuwa akimnong'oneza, "Inuka basi, mjinga wewe, mgongo unaniuma." Alimnong'oneza hivyo mara tatu. Hajamwambia mtu, hata mkewe.

Hakuna aliyemshika mtu bega. Tulisimama tu mpaka lango likafunguliwa na watu wakaanza kuingia. Kapteni akaufunga tena mshipi kiunoni kwa sababu onyesho lilikuwa linakaribia na lazima mtu aite amri. Akaniambia kuanzia leo kuna desturi mpya. Wafu wakishalala, nisipige ngoma ya kuamsha. Niende kwanza na kibuyu cha maji, nimguse kila mmoja begani nimwulize, na nisiipige mpaka wote wamenijibu.

"Na watazamaji watangoja?" nikauliza.

"Wamewahi kungojea mambo mabaya zaidi ya hayo," akasema.

Kwa hiyo saa tano, moshi ulipotanda na watu walipoanguka, niliacha ngoma chini nikaingia uwanjani. Sijawahi kutembea kati yao wakiwa wamekufa. Kutoka kwenye ngoma wanaonekana wametulia, lakini ukiwakaribia wanatoka jasho, wana sisimizi shingoni, mmoja anapigana na chafya. Niliinama kwa kila mmoja nikauliza, "Upo?" Wakajibu, "Nipo," bila kufungua macho. Wa tatu alisema nipo, wa nne alisema nipo, maji. Babu Gordy alisema, "Mimi nipo. Goti ndilo halipo." Walikuwa tisa. Watazamaji, nadhani, walifikiri ni sala.

Kisha nikafika karibu na robota la tatu. Hakuna anayeangukia pale siku hizi. Hakuna aliyekatazwa, ila wote wanapazunguka, na nyasi zimekuwa ndefu kuliko kwingine. Nilisimama hapo. Nikauliza hapo pia, kwa sauti ndogo. Nikahesabu mpaka kumi, polepole, kama watoto walivyokuwa wakihesabu.

Halafu nikarudi kwenye ngoma nikaipiga, nao wakaamka.

Tukirudi nyumbani, tulipita kanisa la Kilutheri ndipo Mama akafungua kinywa. Akasema, "Ungeniambia." Nikasema ndiyo. Akasimamisha gari kwenye duka la maziwa, akanunua vipande vya jibini vya kukaanga, tukala kutoka kwenye boksi moja bila kuzima injini. Vilikuwa vya moto mno. Viliniunguza ulimi, na niliyasikia maumivu yake mpaka jana. Nakuambia hilo kwa sababu ni kitu cha kwanza nilichokihisi barabara tangu mwaka jana.

Kapteni hajasema kama ataendelea. Hakuna anayemwuliza. Jana alikuja na mshipi umepigwa pasi.

Shangazi, alikuwa kaka yako wa pekee. Ulipanga kuja Novemba kwa ajili ya sikukuu ya shukrani na kuichukua ile kofia, kwa sababu wewe ndiye uliyemshonea unyoya wake. Tumeitunza. Unyoya umevunjika kidogo pale alipoulalia, sikuugusa. Sasa unajua yote, na kama hutaki tena kuketi meza moja nami, nitaelewa, nami nitaifunga vizuri niitume kwa posta. Kama bado utakuja, nitakupa mkononi. Sitaituma mpaka unijibu, hata ukichelewa kama nilivyochelewa mimi.

Msalimie sana Mjomba Lyle, na binamu zangu Tess na Orrin; mwambie Orrin kitabu chake cha ngome nimekimaliza na yuko sahihi kuhusu mahandaki. Mama anakusalimu. Babu Gordy naye anakusalimu, anasema kuku wako wa kuchoma hajamtoka akilini. Mungu aicheleweshe theluji yenu mwaka huu, na akutie nguvu katika nyonga na kwingine kote.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata katika siku hizi ambazo sijui kuonyesha,

Hattie