Matao Manne ya Ofisi ya Reli

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Nimepima tena upande wa mbele. Vumbi mdomoni, jua kichwani. Jengo ni ofisi ya zamani ya kampuni ya reli, kando ya stesheni, la enzi za Wajerumani. Mfanyabiashara mmoja, Bwana Lyimo, amelipanga, anataka fremu za maduka. Bosi kaniagiza nichore mbele mpya: matao manne yabomolewe, viwekwe vioo. Kazi rahisi. Ingekuwa rahisi kama nisingelitazama.

Jumanne, 4 Oktoba
Nimelitazama kutwa nzima. Kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu. Mawe yamechongwa moja moja, hayalingani, na bado yamebanana kama meno. Ndani ya matao hamna chuma. Jiwe la katikati, kule juu, ndilo linalokaza mengine yote. Dari imebebwa na vipande vya reli, vilevile vinavyopitiwa na treni. Nilipovigundua nilicheka peke yangu. Uzuri ulioje! Waliochonga mawe haya walikuwa watu wa huku, wengi kwa kulazimishwa. Majina yao hayapo popote. Kazi yao ipo.

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimechora matao yakiwa yamebaki, vioo nyuma yake. Bosi hakufurahi.
"Devota, mteja anataka duka, hataki makumbusho."
Nirekebishe kufikia Jumatatu. Ofisini wanapunguza watu. Naogopa.

Jumatatu, 10 Oktoba
Lyimo hakungoja mchoro. Nimefika, fundi wake Chibago na wenzake wameshaangusha tao moja, la pembeni. Dari juu yake imeshuka, ufa unaingia kidole. Zile reli zinalalia matao! Nilipiga kelele watoke. Wakatoka mbio. Kisha tukaegemeza magogo hadi jioni. Fundi Chibago alisema tu, "Asante, dada." Nililia chooni. Kwa hasira, si kwa hofu.

Jumanne, 11 Oktoba
Lyimo alikuja saa saba, jua la kuua. Alinikuta ndani. Akaanza kufoka: namchelewesha, atatafuta mchoraji mwingine. Katikati ya maneno akatoa leso. Akajifuta jasho. Akaegemea ukuta.
"Humu mna feni?"
"Hamna."
"Sasa ubaridi huu unatoka wapi?"
"Hata umeme umekatwa, Bwana Lyimo. Ni kuta hizi, na kivuli cha matao."
Alikaa juu ya mfuko wa saruji. Alikaa sana. Nilidhani amesinzia.
"Duka langu la sokoni ni la bati," alisema. "Wateja wanakimbia joto kabla hawajauliza bei."
Akainuka, akajikung'uta suruali.
"Basi yaache. Hilo lililovunjika mlirudishe."
Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Sikutumia hata neno moja.

Ijumaa, 28 Oktoba
Tumelifunga tao. Mawe kadhaa yalikuwa yamepasuka, tukachonga mengine. Ni meupe, yanaonekana kutoka mbali. Limepinda kidogo pia. Fundi Chibago kalizunguka, kichwa kaweka upande. "La wale wazee ni zuri zaidi," akasema. Kweli kabisa. Bosi anataka lipakwe rangi lifanane na mengine. Juzi nilikataa. Jana hakuniita, na leo kanipa kazi nyingine: choo cha shule, kijijini Hombolo.

Jumanne, 1 Novemba
Magogo yametolewa. Nilisimama chini ya dari wakati wanayatoa. Sikutaka wengine wasimame mimi niko nje. Haikushuka hata unywele. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Jumapili, 4 Desemba
Kutoka kanisani nimepita pale. Treni ya Kigoma imechelewa, abiria wamejaa barazani. Mama mmoja kamlaza mtoto kwenye kanga chini ya tao jeupe. Wengine wanacheza bao. Hakuna aliyetazama juu. Nilitamani kuwaonyesha, nikaona haya. Nikanunua karanga, nikakaa kati yao. Sakafu ilikuwa baridi.